Gramu Kumi na Nane

"Ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na sasa?"

"Kumi na saba. Jamani, mume wangu, nachelewa!"

"Bado moja tu. Na mambo ya saa niachie mimi. Hujachelewa."

Mwalimu aliuma meno. Mkoba uko begani, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo, naye kainamia mizani ya jikoni, kidude chembamba kama daftari chenye kioo cha tarakimu, akimsomea mtu mzima gramu za kahawa. Kutwa nzima alifundisha hesabu. Kumbe na nyumbani alikuwa na zamu!

Kosa, alikiri moyoni, lilianzia kinywani mwake. Kwa miaka ishirini na sita mumewe ndiye aliyepika kahawa ya asubuhi, kwa kijiko kilekile, na haikukosea hata siku moja. Lakini tangu mwaka uanze, leo ilikuwa nzito kama lami, kesho maji ya kuoshea vikombe. Siku nyingine aliimimina mpaka ikafurika mezani. Mwalimu uvumilivu ukamshinda.

"Hivi siku hizi unapikia mikono ya nani?"

Wiki ile ile mume akamwagiza binti yao amletee mizani.

"Sasa haitakosea tena," alisema kwa furaha. "Wewe soma, mimi namimina."

"Kwa nini usisome mwenyewe?"

"Mkono mmoja umeshika kopo, mwingine kijiko. Wa tatu sikupewa."

Angalau ingekuwa mizani peke yake. Hasira za Mwalimu zilikuwa zimepanga foleni. Mumewe alikuwa fundi saa, na si fundi wa kubahatisha. Watu walivuka mji kumletea saa zilizoshindikana kwingine. Mwezi wa tatu akarudi nyumbani na mfuko wa vifaa, akautupa chini ya kitanda, akatangaza kwamba duka amelifunga. Hakumuuliza mtu.

"Siku hizi kila mtu saa yake iko kwenye simu," alisema. "Nitengeneze nini?"

Uongo mtupu! Wateja walikuwa bado wanabisha hodi mpaka mlangoni, na kila mmoja alirudishwa na saa yake mkononi.

Kisha likaja la dada yake Mwalimu.

"Mwambie shemeji kiburi si maungwana," dada alisema akiwa bado mlangoni. "Nimempungia mkono pale barabarani, akanitazama usoni hivi, akanipita kama nguzo ya umeme."

Mwalimu alipomuuliza, mumewe alicheka. "Nilikuwa na mawazo."

Mawazo gani, ya mtu anayeshinda nyumbani?

Alhamisi Mwalimu alichelewa kweli. Mkuu wa shule alimsema mbele ya darasa zima, na wanafunzi wa nyuma wakacheka. Alirudi nyumbani amefura kama andazi, na mumewe akampokea kwa maneno matamu: kesho angempikia kahawa ambayo hajawahi kuinywa.

Basi Ijumaa patachimbika, aliapa.

Aliamka kabla ya mumewe, akaingia jikoni peke yake, akatoka. Akavaa, akachana nywele, akangoja. Alitaka ugomvi, ugomvi wa haki, utakaotapika yote yaliyomo kifuani. Lakini mtu wa kucheka-cheka utagombana naye vipi? Mpaka na yeye akasirike kwanza.

Mume akaja akipiga mluzi. Akaweka kikombe juu ya mizani, akabonyeza kitufe, akaanza kumimina kahawa kijiko kwa kijiko, taratibu.

"Ngapi?"

Mwalimu akakunja mikono.

"Ngapi, mke wangu?"

"Una macho. Soma."

Kijiko kikaganda hewani. Mluzi ulikuwa umekatika.

"Leo tu," alisema kwa sauti ndogo. "Nisomee leo tu."

"Sisomi leo wala kesho! Umenigeuza karani wa kahawa. Duka umefunga bila kuniuliza. Ndugu zangu unawapita njiani kama mawe. Mimi ni nani katika nyumba hii? Inama usome!"

Fundi akainama. Akakaa hivyo kitambo kirefu, pua nusura iguse kioo, jasho likimtoka kwenye paji la uso kana kwamba yuko juani. Mwalimu alihesabu pumzi zake, akingoja ule ukelele alioutamani, matusi, hata kikombe kirushwe ukutani.

Mumewe akainuka. Alikuwa anatabasamu.

"Kumi na nane," alisema. "Umeona? Sawasawa kabisa."

Betri za mizani ile zilikuwa mfukoni mwa gauni la Mwalimu tangu alfajiri.