Hotuba Elfu Tano za Kabula

Siku Kabula alipotimiza hotuba elfu tano katika Bunge la Shirikisho, ua wa mama yake, Nyamizi, ulifurika watu tangu asubuhi. Hakuna mbunge aliyewahi kusema mara nyingi hivyo. Sheria ilikuwa wazi: mbunge anayenyamaza hupoteza kiti. Kwa hiyo kila mmoja aliwekewa bungeni mashine iliyojitungia hotuba na kuzisema kwa sauti yake, yeye mwenyewe awepo asiwepo. Ndiyo maana Kabula alikuwa nyumbani, amekaa mkekani akila wali na kuku, huku redio ikinguruma kwa sauti yake.

"Shoga, wewe ulizaa mdomo," jirani yao Holo akamtania Nyamizi.

"Nilizaa kichwa, mdomo ulifuata," Nyamizi akajibu, na vigelegele vikapaa. Furaha ilimjaa hata akashindwa kukaa.

Mara sauti ya Kabula redioni ikasema inaunga mkono zahanati ya Mwabusiga ifungwe, wajawazito wapelekwe mjini. Mwabusiga ndicho kijiji chao hicho. Mjini ni mwendo wa nusu siku, na Minza, mdogo wake Kabula, alikuwa ameketi palepale na tumbo la miezi minane.

Vigelegele vikakatika. Nyamizi akaushika mkono wa mwanawe, wali ungali vidoleni.

"Kabula, mwanangu, hilo umelikubali kwa nini?"

Kabula hakumtazama. Alisogea karibu na redio.

"Subiri kidogo, mama," alisema. "Nasikiliza sababu zangu."