Mapigo ya Nyamizi

Siku hizo kila mtu mjini Tabora alivaa kiredio mkononi, kikitangaza mahali alipo na mapigo ya moyo wake, na majirani walisikiliza kwa zamu ili mgonjwa asife peke yake. Nyamizi, mjane mshona nguo, alikuwa akimpima Kashindye kanzu, Kashindye aliposema, "Nyamizi, nataka nikuoe."

Kabla hajajibu, jirani yake Mama Sida aliingia mbio. "Moyo wako unakwenda kasi! Unaumwa wapi?"

Alipomwona Kashindye amepiga magoti, akapiga vigelegele, na mtaa mzima ukaitikia.

Nyamizi alicheka hadi machozi. "Jamani, bado sijamjibu!"

"Umeshajibu, shoga. Tumekusikia wote."

Nyamizi, huku bado anacheka, alikifunika kiredio kwa kiganja.