Hisa Kumi Kutoka Milimani

Saa tatu kamili asubuhi, Sekela aliwasha kompyuta ya soko jipya la hisa. Yeye na wenzake watatu walikuwa wamelijenga soko hilo kwa miaka sita, katika chumba kilichokuwa zamani duka la viatu. Nyuma yake walisimama madalali wa soko la zamani, waliozoea kuuza hisa kwa kupaza sauti ukumbini.

"Binti yangu," alisema Mzee Kitwana, mkubwa wao, "biashara ni kutazamana usoni. Nani ataiamini kompyuta?"

Skrini ilibaki tupu. Zikapita dakika kumi, kisha ishirini. Dalali mmoja akachukua kofia yake aondoke.

Ndipo mstari wa kijani ukatokea: hisa kumi za kiwanda cha chai zimenunuliwa. Mnunuzi alikuwa milimani, mwendo wa siku mbili kwa basi. Punde simu ikalia.

"Nipo hapa posta, kwenye kompyuta yenu," ilisema sauti ya mwanamke. "Nimekichumia kiwanda hicho majani miaka kumi na tisa. Ni kweli sasa ni changu pia?"

"Ni kweli, mama," Sekela alijibu. "Na wewe ndiye wa kwanza."

Vigelegele vikalipuka simuni, vya wanawake wengi kwa pamoja, hata chumba kizima kikavisikia. Mzee Kitwana akavuta kiti, akaketi mbele ya skrini.

"Haya, nionyeshe pa kubonyeza," alisema.

Mstari wa pili ulikuwa unatokea, na chini yake wa tatu.