Furaha Tano

Siku hizi kichwa cha mtu huhifadhi furaha tano tu. Ikiingia kubwa zaidi, ile ndogo kuliko zote hufutika yenyewe.

Mashavu alikuwa akimpakulia mumewe wali alipomkumbusha mvua iliyowanyeshea siku ya harusi yao.

“Kwani sisi tulifanya harusi?” Sefu aliuliza, tonge mkononi.

Mwiko ulimponyoka Mashavu. Wiki iliyopita tu waliicheka pamoja mvua hiyo! Kumbe harusi yao ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Hilo angelimeza. Lakini furaha haifutiki bila kubwa kuingia, na wiki nzima Sefu hakwenda popote ila msibani Korogwe.

“Baba Rukia,” alisema taratibu, “huko msibani kulikuwa na nini?”

Sefu aliinamia sahani haraka, lakini Mashavu alikwisha kuliona tabasamu.