Haragwe Abaki, Hindi Aondoke

Kila mtu alipewa punje mbili, moja ya haragwe na moja ya hindi, na hakuna aliyecheka.

"Haragwe abaki, hindi aondoke," alitangaza Japhet, kamanda wa sungusungu. "Unaingiza mkono chini ya kitambaa, unaachia punje moja mtungini. Inayobaki unaitupa kwenye kile chungu, asijulikane mtu ameweka nini. Kila mmoja na hiari yake. Hatumlazimishi mtu."

Mtendaji wa kata alikuwa ameambiwa kwamba kijiji kina mkutano wa mbegu. Haukuwa uongo mkubwa, mbegu zilikuwepo.

Aliyekuwa anapigiwa kura ni Bibi Josepha, mjane mwenye miguu mibovu, aliyekalishwa mbele kwenye kigoda kama mgeni rasmi. Kosa lake lilikuwa radi. Msimu ule radi ilikuwa imemuua mtoto wa Niyonzima na ng'ombe wa Japhet, kisha ikapiga mgomba uani kwa Bibi Josepha. Mgomba uliteketea wote, na yeye alikuwa hapo hapo anapukuchua mahindi. Hakupata hata mchubuko. Watu wakajumlisha wenyewe.

Mzee aliyefukuzwa mwaka uliopita alikutwa mtaroni, amekufa, kabla hajafika Kibondo. Kila mtu alijua hilo, na kila mtu alijifanya amesahau.

Esteri, mke wa mwana wa Bibi Josepha, alikuwa kwenye foleni. Mumewe alikwenda machimboni, mwaka wa pili sasa hajatuma hata salamu. Kilichobaki kwake ni watoto, shamba la mihogo na huyu mama mkwe aliyemuuguza alipojifungua kwa taabu, na ambaye hakuwahi kumwita kwa jina lingine zaidi ya mwanangu. Alimpenda. Na hilo ndilo lililokuwa linamtesa.

Asubuhi Japhet alikuwa amempitia nyumbani.

"Haragwe moja tunalitegemea," alimwambia. "La kwake mwenyewe. Nani ajifukuze? Lakini yakiwa mawili, Esteri, hatutasumbuka kuuliza la pili limetoka nyumba gani. Utaondoka naye, wewe na watoto wako. Shamba lina wa kulilima."

"Si mmesema ni hiari?"

"Ni hiari," alijibu Japhet, wala hakuona haya.

Hata hivyo Esteri alikuwa na tumaini. Wiki nzima majirani walimnong'oneza kisimani kwamba wao wataweka haragwe, mioyo yao inakataa. Mke wa mchungaji alisema hivyo huku analia. Niyonzima mwenyewe, na msiba wake, alisema hana neno na bibi wa watu. Yakiwa mengi, nani angejua la Esteri ni lipi?

Aliyemkatalia kuweka haragwe alikuwa Bibi Josepha, Japhet alipoondoka, walipokuwa wanachochea moto wa uji.

"Weka hindi," alisema.

"Ego, ndiyo mama. Nitaweka hindi."

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, uongo haukupendezi hata kidogo."

Sasa Bibi aliitwa wa kwanza, maana mshitakiwa ndiye anayefungua. Alijikongoja hadi kwenye mtungi, akaingiza mkono na kuutoa upesi, kama anayetia chumvi kwenye mboga. Akarudi kigodani. Mtu mmoja nyuma ya Esteri akasema, "Huyo naye afikirie nini?"

Foleni ikasogea, wake kwa waume, wengine wakikaa mtungini muda mrefu, wengine wakifanya haraka. Zamu ya Esteri ikafika.

Chini ya kitambaa vidole vyake vilikuwa vimeshashika hindi. Aliwaona watoto wake barabarani na mvua ikiwanyea, na ule mtaro. Alitaka kulia kwa sauti. Halafu akajiuliza jioni atakitazamaje kigoda kile, mwenyewe akiwa ameshaondoka. Moyo wake ukakataa kabisa. Akaachia haragwe.

Alirudi mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alijiona mtu. Amechagua mwenyewe. Wangefanya watakavyo, hilo wasingeweza kumnyang'anya.

Japhet aliumwaga mtungi kwenye ungo.

Mahindi. Ungo mzima mahindi meupe matupu. Esteri alimtafuta mke wa mchungaji; alikuwa ameinama anamfuta mtoto kamasi. Niyonzima alikuwa anaangalia mawingu. Ndipo Esteri akajua kwamba amekwisha. Yatakuwa mawili, alijiambia, langu na la mama, na nimewaponza watoto wangu. Akamvuta mdogo wao karibu, akaanza kuwaza nguo gani watabeba.

Japhet alipekua kwa kidole, akainua haragwe jekundu juu watu walione.

"La mwenyewe hili," alisema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kushusha pumzi.

Esteri alifumba macho. Alisikia mahindi yakichakarishwa kwenye ungo, mara ya kwanza, mara ya pili. Alisikia mtungi ukitikiswa, ukapinduliwa, ukagongwa kitako.

"Basi," alisema Japhet. "Haragwe ni hili moja tu. Esteri, chukua watoto wako, nenda nyumbani."