Matawi Mabichi Barabarani

Sefania alipoona matawi mabichi yamelazwa barabarani, alipunguza mwendo kama afanyavyo dereva yeyote wa lori: matawi ni ishara kwamba mbele kuna mwenzako ameharibikiwa. Akaegesha, akashuka na jeki. Gari hakuliona. Alimkuta mama mtu mzima ameketi mlangoni mwa nyumba ya udongo iliyo pembeni mwa barabara, panga likiwa miguuni pake.

"Shikamoo, mama. Aliyeharibikiwa yuko wapi?"

"Marahaba. Ni mimi." Mama huyo, Bi Mwantumu, akamwonyesha ukuta. Ulikuwa na ufa unaopitisha ngumi, umeegemezwa nguzo mbili. "Mkipita mbio nyumba nzima inatetemeka, na vumbi linaingia mpaka chunguni."

Hasira zikampanda Sefania. "Mama, hii ndiyo lugha yetu sisi madereva. Ukiitumia kudanganya, siku mtu akiharibikiwa kweli hatutaamini, na tutamgonga."

"Mwaka mzima nawapungia mkono mpunguze mwendo, mwanangu. Mnanijibu kwa honi. Leo nimeweka majani tu, umeshuka na jeki."

Sefania aliiweka jeki chini. Akarudi barabarani kuyaondoa matawi. Alipoinua la kwanza, lori jingine likatokea mlimani, likapunguza mwendo, likapita taratibu bila kutimua vumbi. Ukuta haukutikisika. Dereva wake akachungulia dirishani, akaliona lori la Sefania limesimama kando.

"Pole, kaka! Kimeharibika nini?"

Sefania aliutazama ukuta, tawi likiwa bado mkononi.