Homa ya Herufi

Daftari la kumi na saba lilikuwa na ugonjwa uleule. Tumbo la *a* lilikuwa na mikunjo, *l* ilipinda mgongo mara tatu kabla ya kufika chini, na mkia wa *g* ulishuka ukiyumbayumba. Mwalimu alilifunga, akalirusha juu ya mengine.

"Homa," alijisemea. "Herufi zangu zimeshikwa na homa."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akifundisha mwandiko darasa la kwanza, kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule. Watoto walimwita Mwalimu Rula, wakidhani hajui, maana alipiga mstari ubaoni kwa mkono mtupu ukanyooka kuliko wa wenye rula. Nusu ya mji iliandika mwandiko wake: karani wa posta, nesi wa zahanati, hata mwalimu mkuu, ambaye siku yake ya kwanza shuleni alishindwa kushika penseli, akalia, mpaka mwalimu alipoufunika mkono wake kwa mkono wake mwenyewe na kuuongoza.

Na ni huyohuyo aliyemwita ofisini Jumatatu, akazungumza macho yakiwa mezani.

"Mwalimu, wazazi wananijia juu. Ijumaa nikikuta madaftari hivihivi, darasa la kwanza nampa mwingine. Wewe utashika stoo ya vitabu."

Stoo ya vitabu! Pamoja na panya na globu ya dunia iliyovunjika mguu! Alitoka pale kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu.

Kwanza alizilaumu penseli. Akazichonga zote upya kwa wembe, moja baada ya nyingine, akajikata vidole mara mbili. Herufi hazikupona.

Kisha akayalaumu madawati. Akamwita seremala.

"Madawati yako yanacheza, fundi. Watoto wangu wanaandika kama wamepakiwa kwenye lori."

Seremala, mtu wa maneno machache na dharau nyingi, hakubishana. Alijaza maji glasi, akaiweka juu ya dawati la mbele, akamwambia mtoto aandike. Mtoto akaandika. Maji yalitulia tuli.

"Linacheza hapo, Mwalimu?"

Akamkabidhi glasi anywe. Mwalimu akaipokea, na nusu ya maji ikamwagikia kifuani.

"Umeijaza mno!" alimfokea.

Seremala alimtazama kidogo. Alikusanya misumari yake, akaenda zake.

Wakabaki watoto. Alhamisi aliwarudisha kwenye mstari mmoja mara kumi. Binti wa dawati la mbele, mwenye bidii kuliko wote, aliangua kilio.

"Nimefuatisha, mwalimu. Nimefuatisha kila kitu."

"Umefuatisha nini? Uvivu?"

Alijuta hapohapo. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtukana mtoto.

Ijumaa asubuhi alifika mapema, akaandika ubaoni maneno ya siku, akasubiri. Mwalimu mkuu aliingia bila salamu ndefu. Akapita kati ya madawati, akifungua daftari na kulifunga, akifungua na kulifunga. Mwalimu alisimama mbele na chaki yake, akihesabu madawati yaliyobaki.

Dawati la mwisho kabisa, ukutani, alikaa msichana mgeni ambaye wenzake walimwita Kobe kwa upole wake. Mwalimu mkuu alifungua daftari lake. Hakulifunga.

Mwalimu akasogea, akachungulia. Herufi zilisimama wima, matumbo ya mviringo, mikia imeshuka bila wasiwasi. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa siku zake njema. Machozi yalimlengalenga.

"Umeona?" alimwambia mwalimu mkuu. "Umeona sasa? Nafundisha mimi! Ni hawa wengine ndio hawanifuati!" Akamgeukia mtoto. "Haya, mwanangu, simama uwaambie wenzako. Nyote mnaandika maneno yaleyale. Wewe umefanyaje?"

Kobe alisimama. Akavuta kutoka chini ya dawati daftari kuukuu, lililofunikwa kwa karatasi ya kaki iliyochakaa.

"Nanakili humu, mwalimu. Ni la mama, la alipokuwa darasa la kwanza. Mistari ya juu ulimwandikia wewe." Akayafinya macho kuelekea mbele ya darasa. "Huko ubaoni mimi sioni."

Mwalimu mkuu aligeuka, akautazama ubao: *a* zenye mikunjo, *l* zilizopinda mgongo. Kisha akaufunika mkono wa mwalimu wake, ule wenye chaki, kwa mkono wake mwenyewe, akaushikilia mpaka ukatulia.